Sanamu Haijibu Maswali

Swali la haraka, na usishike simu kutafuta jibu: kwa nini Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walikosana?

Kama hujui, usijali, mko wengi. Nimewauliza marafiki zangu kadhaa, watu waliosoma historia hadi kidato cha nne na wakapita vizuri, na mara nyingi jibu lilikuwa swali lingine: "Kwani walikosana?" Kimathi tunamjua kwa sura. Tunazijua rasta zake. Tunaijua ile picha amelala na pingu mkononi baada ya kukamatwa. Tuko naye kwa tisheti, tuko naye kwa ubavu wa matatu, na tangu Februari 2007 tuko naye kwa shaba katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Lakini uliza mtu huyu aliamua nini, aliamua lini, na nani alimwambia "hapana, hapo unakosea." Kimya.

Shida yangu iko hapo. Wazee wetu wa vita tumewarekodi kama watu walioteseka na kama watu waliokuwa jasiri. Ni kweli waliteseka, na ni kweli walikuwa jasiri. Lakini mara chache sana tumewarekodi kama watu waliofikiri: waliokaa chini, wakapima njia mbili zote mbaya, wakachagua moja, kisha wakaishi na matokeo yake miaka sitini. Tusipobadilisha maswali tunayouliza, tutawazika wote tubaki na nyimbo na picha, bila kujua vita yenyewe iliendeshwa vipi.

Wacha nirudi kwa Kimathi na Mathenge, manake ugomvi wao unabeba karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vijana wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, kila kikosi na mkubwa wake, na Mathenge alikuwa miongoni mwa wakubwa wa mwanzo kabisa upande wa Nyandarua. Februari 1954 Kimathi na wenzake wakaunda chombo walichokiita Bunge la Kenya, huko huko msituni. Walitaka uongozi mmoja, vyeo vinavyoeleweka, na maandishi: barua, kumbukumbu za mikutano, hesabu za watu na silaha. Kimathi alikuwa amewahi kuwa mwalimu, alijua nguvu ya karatasi. Mathenge hakuwa mtu wa kalamu, na hakuhitaji kalamu ndio watu wamfuate. Yeye na wenzake waliona waliosoma wameanza kuwakalia wasiosoma. Wakajipanga kivyao, kundi lao likaitwa Kenya Riigi.

Mwanzoni mwa 1955 serikali ikatangaza masharti mapya ya kujisalimisha. Watu wa Riigi wakaanza mazungumzo na serikali. Upande wa Kimathi ukaona huo ni usaliti, ukawakamata viongozi wa Riigi. Mazungumzo yakavunjika. Mathenge akapotea, na hadi leo hakuna anayejua kwa hakika aliishia wapi. Kimathi akaendelea na kikosi kilichozidi kupungua hadi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sasa hesabu maamuzi yaliyomo humo. Je, jeshi la msituni linahitaji karani? Nani ana haki ya kuongea na adui kwa niaba ya wote? Ukiwa na njaa, risasi zimeisha, na watu waliokuwa wakikulisha wamehamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, unaendelea kupigana au unatafuta mlango wa kutokea? Na mwenzako akichagua mlango mwingine, unamfanya nini? Yeyote aliyewahi kuongoza chochote, hata kikundi cha WhatsApp cha kuchangia mazishi, anaelewa uzito wa maswali hayo. Tofauti ni kwamba kule msituni jibu baya lilikuwa linaua.

Ukijiuliza haya machache tunayajuaje, utagundua kitu. Tunayajua kwa sababu watu wachache waliandika au waliandikiwa. Karari Njama alikuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni, na huko akawa katibu. Simulizi yake ilitoka kitabuni mwaka 1966. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alitoa kitabu chake mwaka 1967. Barua na karatasi za Kimathi zilizonaswa na Waingereza zimeshachapishwa kwa sehemu, na karatasi za kesi yake zikatoka kitabuni mwaka 2017.

Tazama vizuri orodha hiyo. Karibu wote ni watu wa kalamu. Na ugomvi wenyewe ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kati ya wenye kalamu na wasio nayo. Kwa hivyo historia tuliyo nayo imesimuliwa zaidi na upande mmoja wa ugomvi, na si kwa hila ya mtu. Ni vile tu ndio walioweza kuandika. Mtu wa Mathenge ambaye hakujua kusoma, aliyekuwa na sababu zake nzuri au mbaya za kutaka mazungumzo, angeweza kuingia kwenye historia kwa njia moja tu: mtu amkalie chini na amsikilize. Ndio maana nasema kurekodi sauti si pambo la kuongezea vitabu. Kwa watu kama hao, hiyo ndiyo hati pekee wangeweza kutuachia.

Mwaka 2003 tuliona kwa macho yetu bei ya kutofanya hivyo. Mzee mmoja alitolewa Ethiopia akaletwa Nairobi, akapokelewa kwa shangwe kama Jenerali Mathenge aliyerudi nyumbani baada ya karibu nusu karne. Vipimo vya DNA vikasema si yeye. Watu walicheka sana, na mpaka leo kuna wanaocheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Mwaka huo bado walikuwepo wazee waliomjua Mathenge mwenyewe, waliokula naye, waliosikia akibishana. Wangeulizwa: alikuwa anaongea vipi akikasirika? Alipinga nini hasa? Alisema nini siku ya mwisho mlipomwona? Nguvu yote ikaenda kutafuta mwili, na zile sauti zikaachwa zijizimie moja moja.

Lakini tuwe wakweli, wazee hawakunyamaza kwa kupenda. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003. Piga hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 Hali ya Hatari ilipotangazwa alifika miaka 71 ndipo sheria ya nchi aliyoipigania ikaacha kumwita mfuasi wa kundi haramu. Uhuru ulipokuja, kijijini alikaa jirani na yule aliyemchongea, na pengine huyo jirani ndiye sasa alikuwa chifu. Utaongea vipi? Utamwambia nani? Wengi walichagua kulima na kunyamaza, na watoto wao wakalelewa ndani ya ule unyamavu bila kujua una jina gani.

Upande wa pili haukuwa na tatizo hilo. Jenerali George Erskine alipofunga Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 katika ile Operesheni Anvil, watu wakakamatwa kwa maelfu na kupelekwa kambini, amri zilikuwa na karatasi zake. Mwaka huo huo ilipoamuliwa kwamba watu wahamishiwe kwa nguvu kwenye vijiji, hatua iliyowagusa watu zaidi ya milioni moja, mikutano ilikuwa na makarani, na makarani walikuwa na faili. Walipokuwa wakiondoka, faili nyingine walichoma na nyingine wakabeba. Ilichukua kesi ya wazee wetu mjini London kuzifukua: mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na faili za Kenya takriban 1,500 zilizowekwa mbali na macho ya umma, mahali panaitwa Hanslope Park.

Ile kesi ni somo kubwa. Wazee walisimama na miili yao na maneno yao, wanahistoria wakasimama na karatasi, na vitu hivyo viwili vikashikana. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ikasema inasikitika kwa mateso yaliyofanyika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Si pesa nyingi ukigawanya. Lakini kukiri ni kukiri.

Kisha ikaja kesi ya pili, kubwa zaidi, ya wadai zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 mahakama hiyo ya London ikaitupilia mbali, na sababu kubwa ilikuwa muda: miaka mingi imepita, mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimefifia, kesi ya haki haiwezekani tena. Unaweza kukasirika na jaji, mimi pia nilikasirika. Lakini hebu jiulize: kama tungekuwa tumewarekodi watu hao vizuri mwaka 1970, au 1985, kila mmoja kwa tarehe, mahali na majina ya waliokuwepo, je, hoja ya "kumbukumbu zimefifia" ingekuwa na meno kiasi kile? Sisemi tungeshinda. Nasema tungekuwa na kitu mkononi.

Sasa nije kwetu sisi watu wa kontenti, manake siku hizi sisi ndio tunakuwa wa kwanza kufika kwa mzee na kamera.

Angalia tulivyomfanya Fildi Mashali Muthoni wa Kirima. Huyu ni mwanamke aliyepata cheo cha juu kabisa cha msituni, na alibaki huko hadi uhuru ulipofika 1963. Aprili 2022 nywele zake, alizokuwa amekataa kuzinyoa miaka yote hiyo, zilikatwa na Mama Ngina Kenyatta, na nchi nzima ikatazama. Ikatrendi. Septemba 2023 akafariki. Wapo waandishi na watafiti waliokaa naye kwa heshima na kumhoji kwa kina, nawashukuru. Lakini tafuta klipu zake zinazozunguka kwa simu zetu: nywele, nywele, nywele.

Mimi ningetaka kusikia mengine. Nani alikaa kikao akaamua mwanamke apewe cheo hicho, na nani alipinga? Baada ya Kimathi kunyongwa, waliobaki waliamuaje kukaa msituni miaka mingine sita? Kulikuwa na mjadala, au kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kusema "twendeni nyumbani"? Habari za nje walizipata kwa nani, na walijuaje si mtego? Siku waliyoambiwa kwamba uhuru umekuja na watoke, walimwamini nani na kwa nini? Huyu alikuwa kamanda. Sisi tulimwendea kama shosho mwenye nywele ndefu.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Mateso yanabebeka kwa sekunde sitini. Mzee akilia, weka muziki wa huzuni, weka maandishi meupe chini, tayari. Uamuzi haubebeki hivyo. Uamuzi unataka ueleze kwanza hali ilikuwaje, nani alikuwa wapi, walikuwa wanajua nini na hawajui nini. Unataka saa tatu, na pengine siku tatu. Haina shida, tengeneza hiyo klipu ya sekunde sitini, nami pia nazitengeneza. Ninachoomba ni kwamba nyuma ya kila klipu kuwe na rekodi ndefu, haijakatwa, imehifadhiwa mahali ambapo mjukuu wa mtu ataipata mwaka 2070.

Nimewahi kukaa na mzee mmoja kule Nyeri ambaye watu wengi walikuwa wamemhoji kabla yangu. Nilipomuuliza kuhusu kambi, maneno yalitoka kama mtu anayesoma, ameyasema mara mia. Nikamuuliza: "Siku mlipoamua kuhama ile kambi yenu ya msituni, guka, nani alikataa?" Akanyamaza. Akaomba chai. Chai ikaisha, akaanza kuongea, na jua lilizama akiongea. Majina aliyoyataja aliniomba nisiyatoe maadamu watoto wa watu hao wako hai, na sitayatoa. Lakini yamerekodiwa, familia yake ina nakala, na siku ikifika yatasomwa. Swali moja tu lilifungua mlango ambao maswali ya "ulihisi vipi" hayakuufungua.

Kwa hivyo kama unaenda kwa mzee wako, nenda na maswali ya namna hii:

Mlikuwa mnajua nini siku ile, na nini mlikuja kukijua baadaye tu? Hili ni la kwanza, manake sisi sote tunasimulia jana kwa akili ya leo.

Mlikuwa na njia ngapi? Ile ambayo hamkuichagua, kwa nini mliiacha?

Nani aliongea kwanza kwenye kikao, na nani alinyamaza? Nani alipinga, na alifanywa nini?

Wewe mwenyewe uliona, au uliambiwa? Uliambiwa na nani? Vyote viwili ni vya thamani, lakini ni vitu viwili tofauti.

Kuna uamuzi ambao ukiukumbuka usiku hulali? Hilo liache mwisho, na ukiona mzee anaumia, zima mashine umshike mkono.

Usimwekee maneno mdomoni. Ukiuliza, "Mlikuwa mnapigania uhuru wetu, sivyo?" atakujibu ndiyo kwa adabu tu, na hutajua kwamba pengine alikuwa anapigania ekari mbili za babake. Mwache aongee lugha yake, Gikuyu, Kiembu, Kimeru, Kikamba, yoyote ile. Tafsiri itakuja baadaye, lakini neno lenyewe alilolitumia kwa "msaliti" au kwa "kiongozi" halirudi likishapotea. Taja tarehe na mahali mwanzoni mwa rekodi. Mweleze itaenda wapi, na akikataa, amekataa. Usiende mikono mitupu, sukari na unga ni desturi yetu, lakini usinunue hadithi, ukinunua utauziwa. Acha nakala kwa familia kabla hujaondoka, na nyingine ipeleke penye ulinzi: maktaba, chuo, au Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Nairobi. Akaunti yako ya mtandaoni si hifadhi. Nywila ikipotea, guka amepotea mara ya pili.

Kuna watakaoniambia wakubwa wote wamekwisha kufa, tumechelewa. Majenerali wengi wamekwenda, ni kweli. Lakini uamuzi haufanywi gizani na mtu mmoja. Msichana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1953, akipeleka chakula hadi ukingo wa msitu, alizaliwa 1939. Kijana aliyebeba barua kutoka kwa jenerali huyu hadi kwa yule aliona nyuso zao walipozisoma. Aliyekuwa akisonga ugali kando ya kikao alisikia sauti zikipanda. Hao wachache bado wako, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza, kwa sababu tulikuwa tunatafuta vyeo.

Wengine watasema kumbukumbu za wazee haziaminiki, kila mzee siku hizi alikuwa mkono wa kulia wa Kimathi. Nacheka, kwa sababu nami nimewasikia hao. Lakini karatasi nazo zina mdomo. Jenerali China alikamatwa Januari 1954 akiwa na jeraha la risasi, akahojiwa kwa kina na polisi wa kikoloni, akahukumiwa kifo, kisha akaponea baada ya kukubali kusaidia kuwaita wenzake kwenye mazungumzo. Maelezo yake polisini yaliandikwa na waliomshika. Kitabu chake alikitoa mwenyewe akiwa mtu huru. Ni mtu mmoja, vita moja, na hizo ni hati mbili za kulinganisha. Alisaliti, au alijaribu kuokoa vijana waliokuwa wanaisha? Watu wa Mlima Kenya bado wanabishana. Lakini angalau tunaweza kubishana naye, kwa sababu aliacha maneno yake. Na Mathenge tutabishana naye vipi?

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kwa mzaha: kwamba haya ni kufukua makaburi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari, washambuliaji waliteketeza nyumba za familia za waliounga mkono serikali, na wengi waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Kisha ngati, wale walinzi wa upande wa serikali, pamoja na askari, wakalipiza kisasi, na watu wengine wengi wakauawa. Nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa ardhi ulioanza kabla ya vita. Nani aliamua Lari? Nani aliamua kisasi? Wajukuu wa pande zote mbili leo wanakaa dawati moja, wanaoana, wanapanda gari moja kwenda kazini. Ukirusha jina moja mtandaoni bila kufikiri, unaweza kuwasha moto ambao hutauzima.

Ndio maana rekodi na posti ni vitu viwili. Si kila kinachorekodiwa kinarushwa leo. Kinaweza kufungwa miaka ishirini. Lakini kirekodiwe, na kirekodiwe kutoka pande zote. Mzee aliyekuwa ngati pia aliamua siku fulani kuchukua bunduki ya serikali. Labda ni woga, labda ni dini, labda ni shamba, labda nduguye alikuwa ameuawa. Mimi sitamsafisha. Nataka tu aseme kwa mdomo wake kabla hajafa, manake tukibaki na upande mmoja tutalea watoto wanaoamini kwamba usaliti ni kitu cha watu wa aina fulani, wasijue jinsi mtu wa kawaida anavyofika hapo hatua kwa hatua.

Na si Mau Mau peke yake. Mekatilili wa Menza aliongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Wazee wa Pwani wamelihifadhi jina lake, lakini maandishi mengi ya wakati ule kumhusu yalitoka kwa kalamu za maafisa aliokuwa akiwapinga. Hatuwezi tena kumuuliza. Vita vya Shifta huko Kaskazini vilianza 1963, vikaisha 1967 kwa makubaliano ya Arusha. Waliokuwa vijana wakati huo, waliopigana na waliopigwa, wazee wa koo waliolazimika kuchagua kati ya Nairobi na Mogadishu, wako Isiolo, Garissa, Wajir. Ni wadogo kuliko wazee wa Mau Mau kwa miaka kumi na zaidi. Kwao bado tuna muda ambao Nyeri umeshapita. Ukiwa unatoka huko na una simu yenye chaji, hii kazi ni yako kuliko yangu.

Serikali za kaunti zina idara za utamaduni, na vyuo vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wote tuwadai. Kila Mashujaa Dei ina bajeti ya mahema na vipaza sauti. Sehemu ndogo tu ya pesa hizo ingelipia wanafunzi wa kurekodi na kutafsiri mwaka mzima. Lakini ukingoja bajeti utarekodi mazishi. Mtu aliyezaliwa 1934 hana robo ya mwaka wa fedha ya kukungojea.

Wikendi hii ukienda ushago, kaa na yule mkubwa kuliko wote pale nyumbani. Mwulize ni uamuzi gani mgumu kuliko yote aliouona ukifanywa wakati wa vita, na nani alikataa. Kisha nyamaza, umwache aongee.